Kasia la Pili la Palmira

New Bedford, 9 Machi 2011

Mdogo wangu Hermínia,

Leo ni Jumatano ya Majivu na ninakuandikia nikiwa bado na alama ya padre kwenye paji la uso. Mwezi huu natimiza miaka arobaini na mitano tangu niondoke Ribeiras. Nilipoondoka nilikuwa na sanduku moja na nywele nyingi. Sasa masanduku yameongezeka na nywele zimekwisha. Natumaini wewe u mzima, na goti lako limekupa nafuu, na kile kitindamimba cha ng'ombe wako kimeanza kula majani.

Sisi hatujambo. Lídia bado anapika katika shule ileile. Amechoka, lakini hasemi. Uchovu wake nausikia kwa jinsi anavyoweka funguo mezani. Theluji imeganda mlangoni tangu Januari. Kaburi la mama yake, Odília, nimelifikia mara moja tu mwaka huu, maana njia ya makaburini imekuwa kioo.

Jumapili iliyopita Lídia alinipeleka kwenye makumbusho ya wavuvi wa nyangumi. Miaka yote niliyofanya kazi kwenye kiwanda cha samaki nilikuwa nikipita mlangoni pake asubuhi na jioni, wala sikuwahi kuingia. Niliona ni kama kulipa kiingilio ili nikatazame shati nililovaa. Lakini Lídia alikwisha nunua tiketi.

Mifupa ya nyangumi imening'inizwa darini, mizima, kuanzia fuvu hadi mkia. Mmoja kati yao bado anatoa mafuta. Amekufa miaka mingi na mifupa yake inatona, tone baada ya tone, nao wameweka chupa ya kuyakinga. Watalii walikuwa wakiziba pua. Mimi nilisimama chini yake nikavuta hewa mpaka Lídia akaona haya.

"Baba, watu wanakutazama."

"Waache. Wamelipa watazame."

Kisha tukafika kwenye mashua. Ni ya visiwa vyetu, Hermínia, ndefu na nyembamba kama zetu, imezungushiwa kamba ili isiguswe. Nilitafuta kosa. Nilitazama chusa, mikuki, pipa la kamba, makasia, kile kibao cha omo, mbele kabisa ya mashua, anapoegemeza paja mrusha chusa. Kila kitu kilikuwa mahali pake. Hakuna kilichokosewa, na hilo ndilo lililoniumiza. Nilikaa kwenye benchi mbele yake hadi walipotangaza kufunga.

Sasa niambie. Tangu Krismasi unaniandikia habari za padre, za ng'ombe, za mvua, za binti wa jirani aliyeolewa kisiwani Terceira. Kaka Laureano je? Hujamtaja hata kwa salamu.

Msomee barua hii. Na umwambie kama siku zote: panapo majaliwa, kiangazi hiki nitarudi.

Kaka yako,
Urbano


Ribeiras, Pico, 4 Aprili 2011

Kaka Urbano,

Nakuomba baraka, kama mama alivyotufundisha. Barua yako ilifika Ijumaa, ikiwa imelowa pembe moja. Goti langu ni lilelile. Ndama anakula. Mlima umevaa kofia ya wingu tangu wiki iliyopita, na magimbi ya shamba la juu yameoza kwa maji. Gualter jirani amenisaidia kuokoa yaliyobaki. Ni mtu mwema, ila anaongea kama redio.

Umeniuliza kuhusu Laureano. Sikutaka kuandika kwa sababu nilidhani ni jambo la kupita.

Unajua kwamba banda la mashua sasa ni makumbusho. Wamelipaka chokaa, wameweka taa na picha, na mashua yenu Palmira wameiweka katikati, palepale ilipokuwa ikilala. Zulmira, mjukuu wa Nahodha Tibério, ndiye mwenye funguo. Tangu Novemba Laureano anateremka huko kila asubuhi. Mwanzoni alizungukazunguka tu, na Zulmira alifurahi, maana watalii walipenda kupiga picha na mrusha chusa wa kweli. Halafu siku moja akavuka kamba, akapanda, akakaa omoni kwenye kiti chake na kushika kasia.

Zulmira akamwambia, "Shuka, mzee Laureano. Hiyo ni mali ya makumbusho sasa."

"Na mimi je?" akamjibu. "Mimi si mali yenu vilevile?"

"Haya, kama ni mali yetu, zima hiyo sigara. Vitu vya makumbusho havivuti."

Watu walicheka. Mimi nilipohadithiwa nilicheka pia. Lakini jioni nilikwenda kumchukua, nikamwambia supu inapoa, naye hakugeuza hata shingo. Alikuwa ameinama kidogo mbele, kama mnavyoinama mkingoja amri.

"Hatujatimia," akasema.

"Mnamngoja nani?"

"Urbano."

"Kaka, Urbano yuko Amerika."

"Najua yuko Amerika, mimi si mjinga. Alisema kiangazi atarudi. Unanisomea mwenyewe."

Nilimtoa kwa kumdanganya kwamba mwangalizi wa mlimani ameshuka, hakuna nyangumi leo. Kesho yake akarudi. Daktari anasema ni akili ya uzee. Jina langu analijua, bei ya tumbaku anaijua, ila miaka imemchanganyikia. Usiku hulala vizuri. Mchana hali kitu nyumbani. Anasema mtu hali supu wenzake wakiwa wamekaa kwenye makasia.

Urbano, usingoje kiangazi. Njoo sasa.

Dada yako,
Hermínia


New Bedford, 20 Mei 2011

Mdogo wangu Hermínia,

Nisamehe kwa kuchelewa. Theluji imekwisha, na Lídia amepanda kabichi nyuma ya nyumba, zile za kwetu za majani marefu. Majirani wanadhani ni maua. Nakuombea goti lako na ninamshukuru Gualter.

Nimesoma barua yako mara nyingi. Kuhusu safari, pasipoti yangu imekwisha muda, nimepeleka maombi. Lídia hapati likizo kabla shule hazijafungwa. Na daktari anataka kunitazama tena mambo ya presha, si kitu kikubwa.

Wakati tunangoja, jaribu hili. Unakumbuka fataki ya mwangalizi ikipigwa kwamba nyangumi ameonekana, na mwenzetu mmoja akiwa hayupo, labda kaenda mlimani kwa mbuzi? Nahodha Tibério hakungoja. Alisimama pale kwenye mteremko wa kushushia mashua akamwonyesha kidole mwanamume yeyote aliye karibu, "Wewe, panda," naye akapanda. Hata marehemu mumeo Belarmino si aliingia hivyohivyo nilipoondoka? Mwombe Gualter akae kwenye kasia la pili. Mashua ikishatimia, labda roho ya Laureano itatulia.

Jumapili baada ya misa nitapiga simu. Mweke karibu. Akisikia sauti yangu atajua kwamba nipo na ninakuja.

Kaka yako,
Urbano


Ribeiras, 27 Juni 2011

Kaka Urbano,

Nakuomba baraka. Hapa ni joto na ukungu. Nyasi tumekata. Ndama nimemuuza. Sina habari nyingine za kukupunguzia hii.

Gualter alikwenda, maskini, amevaa kofia ya majani kama vijana wa zamani, akapanda na kukaa mbele ya Laureano. Kwa muda kidogo nilidhani tumefaulu. Laureano alitazama ule mgongo. Unajua yeye wa omoni hutazama migongo yenu nyote, na wako ndio uliokuwa wa kwanza machoni pake. Aliutazama, akainua kasia, akamsukuma nalo begani.

"Toka. Kiti kina mwenyewe."

"Mimi ni wa muda tu, mzee."

"Wa muda alikuwa Belarmino! Sina haja ya wa muda wa pili."

Gualter alishuka akicheka, lakini bega lilimvimba. Na ndivyo ilivyokuwa, usidhani ni wazimu wa leo. Mume wangu alivuta kasia lako tangu ulipopanda meli hadi uvuvi ulipofungwa. Kamba ya nyangumi ilimchoma viganja, na mara moja nusura imbebe. Laureano alimpenda kama ndugu, na hadi siku ya mwisho alimwita "wa muda". Belarmino alipokuja kuniposa alisema, "Nataka walau kwako niwe wa kudumu." Sheria ya mashua unaijua: mwenye kasia akifa, kiti kinatolewa kwa mwingine. Akikiacha kwa kinywa chake, kinatolewa. Akiwa mgonjwa au safarini, kinangojewa. Wewe uliniandikia habari ya kidole cha Nahodha Tibério, lakini sheria hii hukuiandika.

Sasa ile simu. Nilimwekea sikioni. Nilikusikia mimi niliyekaa kando, ulimwambia, "Laureano, ni mimi, ndugu yako." Ulisikia kimya. Hukusikia aliyoyasema baada ya kuniachia simu mkononi: "Huyu mzee ni nani? Mwambie aondoke kwenye laini, Urbano anaweza kupiga."

Wiki iliyopita mtalii mmoja alijaribu kukaa kwenye kasia la pili ili apigwe picha, na Laureano akamshika koo. Kukaitishwa kikao cha makumbusho. Zulmira alilia mbele ya wote, alimtetea, lakini wamemwambia mzee asiingie tena. Mlango ukafungwa. Basi amekaa nje, kwenye mteremko, juu ya mawe yenye maji. Mvua ya Alhamisi yote ilimnyeshea. Anakohoa. Nimempelekea mwavuli, ameutupa, akasema baharini nani anakwenda na mwavuli.

Daktari ametafuta nafasi katika nyumba ya wazee kule Horta. Kitanda wanatuwekea hadi mwisho wa Septemba. Mvushe mlango wa bahari, mweke mahali asipoliona banda, uone kama atamaliza mwezi. Najua na wewe unajua.

Mara pasipoti, mara likizo, mara presha. Kaka, sikulaumu. Ninakuomba. Njoo ukae kwenye hicho kiti hata kwa siku moja.

Hermínia


Ribeiras, 30 Agosti 2011

Kaka Urbano,

Sijapata barua yako. Simu inaita tu. Nilimpigia Lídia kazini kwake, mtu akanijibu kwa lugha yao nikakata kwa aibu. Kama umekasirika kwa nilivyoandika, kasirika, lakini jibu.

Jumapili ilikuwa sikukuu yetu na mashindano ya mashua za nyangumi. Nilimfungia Laureano ndani na kumwekea nyama na divai. Nilisahau kitu kimoja, na kijiji kizima kilisahau pamoja nami. Siku hizi wanaanzisha mashindano kwa kupiga fataki. Ileile, kutoka kwenye kibanda kilekile cha mwangalizi.

Nani alikuwa na haja ya kumwambia kwamba ni mchezo? Alitoka dirishani. Wanawake walimwona akikimbia barabarani, mzee wa miaka sabini na saba, amevaa soksi tupu, akipiga kelele milangoni kama zamani, "Nyangumi! Nyangumi! Palmira!" Nao wazee wenzake waliokuwa wamekaa ukutani na chupa zao, aibu kukwambia, wawili walisimama wakaanza kukimbia pia kabla miguu haijawakumbusha. Akafika kwenye mteremko. Palmira imefungiwa ndani. Akaishika mashua ya vijana waliokuwa wakingoja zamu ya mashindano, akaisukuma, nao wakavunjika mbavu kwa vicheko. Halafu vicheko vikaisha, maana aliendelea kwenda. Maji yalimfika kifuani. Alikuwa amesimama amegeukia nchi kavu, si bahari, anakuita: "Urbano! Fanya haraka, mtoto wa mama, watatuacha!"

Gualter ndiye aliyemtoa, na lile bega bovu.

Sasa yuko kitandani. Mapafu. Daktari anasema angepona kama angekula, lakini hali. Ananiuliza kama umefika. Ananiuliza kama nimepata barua. Sauti yako ya simu haiamini, mimi haniamini, barua zako tu ndizo anazoziamini. Hati yako anaijua, na sahihi yako.

Nimefikiri sana, na sasa nasema lile ambalo sikutaka kulisema. Miaka yote hii nimemsomea kila barua yako, na kila barua inamalizika kwa kusema utarudi. Mimi niliisoma kama mtu anavyosoma amina. Yeye hakuisikia hivyo. Aliiweka kama ahadi.

Kwa hiyo moja kati ya mawili. Njoo, hata kama una ndevu hadi magotini na hakujui, tutajua la kufanya. Au mwandikie kwamba huji, kwa maneno ambayo hata yeye hawezi kuyageuza. Usimwandikie "labda". Usimwandikie "Mungu akipenda". Mungu tumemtwika mengi katika jambo hili.

Bila hivyo atakufa akingoja, na mimi nitakuwa nimemtazama.

Hermínia


New Bedford, 19 Septemba 2011

Mdogo wangu Hermínia,

Utastaajabu kuona hati hii. Ni ya Lídia. Maneno ni yangu, nayasema polepole naye anaandika. Hajambo. Kabichi zimestawi. Anakuomba radhi kwa simu zisizopokelewa. Ni mimi niliyemkataza kupokea.

Sikukasirika. Barua yako ya Juni ilinikuta mezani na pasipoti mpya juu yake, zilifika siku moja. Nilizitazama zote mbili, kisha nikavaa koti nikaenda makumbusho peke yangu. Nilitaka kujua jambo moja kabla ya kukata tiketi: kama naweza kupanda. Sikutaka nifike Ribeiras, watu wote wamekusanyika, halafu nibebwe kuingizwa kwenye mashua kama gunia mbele ya macho yake.

Mlinzi wa zamu alikuwa mtu wa visiwa vyetu, wa Faial, jina lake Norberto. Aliniona nimeshika kamba.

"Mzee, hiyo kamba si ya kuanikia nguo."

"Nataka kupanda."

"Unakwenda wapi?"

"Pico."

"Kwa mashua hiyo? Utafika Krismasi." Akanitazama vizuri, akaacha mzaha. Akachungulia ukumbini, hapakuwa na mtu. "Panda basi upesi, na ukivunja kitu mimi sikuoni."

Nilijaribu kuinua mguu wa kulia nikaona hauinuki. Nilishika ukingo, mkono ukaachia wenyewe. Nakumbuka nikiwa chini, naitazama mashua kutoka upande ambao sikuwahi kuiona ila tulipokuwa tukiipaka rangi, na Norberto anaita kwa lugha mbili. Ni kiharusi. Wiki kadhaa sikuweza kusema hata jina la Lídia. Upande wa kulia haujarudi, na madaktari wote wawili wamesema ndege haitanichukua, si mwaka huu wala ujao. Nilimkataza Lídia kukwambia kwa sababu nilidhani nitapona kwanza, nije, na hapatakuwa na cha kueleza. Kila asubuhi nilijaribu kidole kimoja.

Barua yako ya Agosti alinisomea mara mbili. Mara ya pili nilimwomba aishie pale Laureano anapopiga kelele milangoni.

Sasa sikiliza. Usimwambie Laureano kwamba naumwa. Umenikumbusha mwenyewe: mgonjwa hungojewa. Akijua ni ugonjwa atasema, "Atapona," na ataendelea kukaa. Wala usimwambie nimekufa. Ataomba kuona kaburi, na zaidi ya hayo ni dhambi na sijafa. Limebaki lile la tatu, la kukiacha kiti kwa kinywa changu. Nimelikwepa tangu nikiwa kijana mwenye sanduku moja. Nilikuwa nikijiambia ninaandika kwamba nitarudi kwa ajili yenu, msihuzunike. Nadhani niliandika kwa ajili yangu. Mtu anayerudi kiangazi hahami. Yuko safarini tu.

Mwombe Zulmira afungue mlango mara moja tu, watu wakiwa hawapo. Mbebeni Laureano na blanketi, mkalisheni omoni. Gualter asimame chini, asipande mpaka aambiwe. Wewe soma karatasi ya pili kwa sauti, halafu mpe aione sahihi. Nimeiweka mwenyewe kwa mkono wa kushoto. Imepinda, lakini R ile anaijua. Usiongeze neno. Ukiona ananiuliza "kwa nini", mwambie haikuandikwa.

Lídia analia, kwa hiyo karatasi ya pili ataiandika akimaliza. Nitamngoja.

Urbano


Kaka Laureano,

Ni mimi Urbano, wa kasia la pili la Palmira. Nina akili zangu timamu na hakuna aliyenilazimisha.

Kiti changu nimekiacha, kwa kinywa changu. Nahodha Tibério hayupo, basi mwenye kukitoa ni wewe wa omoni. Mpe Gualter. Si wa muda. Mgongo wake ni mpana kuliko wangu, utauzoea.

Mashua imetimia. Msimngoje mtu mwingine.

Sitarudi.

Urbano